Karafuu Maiti Katika Pindo la Bi Zena

Imetufikia kutoka kwa wazee waliopokea kwa wazee wao, na njiani haikudondoka hata punje moja, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za masultani, aliishi mja mwema wa Mwenyezi Mungu aliyeitwa Zena binti Shali. Jina la mji linajulikana vizuri, ila halitajwi hapa, maana likitajwa leo, kesho miji mingine mitatu itaamka na kudai kwamba Bi Zena alikuwa wao, na ugomvi huo hauna mwamuzi. Wapo wanaokisimulia kisa hiki wakakikata mkia. Hapa kimewekwa na mkia wake.

Kazi ya Bi Zena ilikuwa kuosha maiti wa kike. Alifundishwa na somo yake, Bi Hidaya, ajuza aliyekuwa ameosha nusu ya watu waliolala makaburini na bado anatafuna muwa kwa meno yake mwenyewe. Bi Zena aliipokea kazi ile kwa adabu. Akiitwa kwenye nyumba ya msiba aliingia kwa mguu wa kulia, akasimama kando ya ufuo, lile handaki dogo linalochimbwa chini ya kitanda ili maji yapate pa kwendea, akayaonja maji kwa kiwiko kama mama anayetaka kumkogesha mtoto mchanga. Yakiwa baridi aliyarudisha jikoni. Yakiwa ya moto aliyangoja. Alianza upande wa kulia. Kiungo kilichokakamaa hakukilazimisha, alikikanda mpaka kikakubali. Na alichokiona juu ya mwili wa mtu, kovu au kilema au alama, kiliingia jichoni mwake kikazikwa humo humo. Walisema watu wa mji ule kwamba wanawake wao hawakuogopa sana kufa, kwa kuwa walijua ni nani atakayewaosha. Labda walitia chumvi kidogo, lakini chakula chenyewe kilikuwepo.

Basi ikaja siku ya mtihani. Alifariki msichana aliyeitwa Mwanatumu, mtoto wa pekee wa Bi Mwaka, mjane msuka mikeka wa mtaa wa pili. Homa ya siku nne tu. Mwanatumu alikuwa mtu wa manukato. Haikuchanua asumini mtaani pale isipite kwanza kwenye nywele zake. Kwa hiyo mama yake, machozi yakimchuruzika, alimletea Bi Zena mlangoni kifurushi kidogo cha karafuu maiti, nyeupe, safi, iliyovuka bahari kutoka Bara Hindi.

"Mwanangu alipenda kunukia, dada," alisema. "Mtilie katika maji yake ya mwisho."

"Nitamtilia, dada yangu. Inshallah."

Bi Zena akakifunga kifurushi katika pindo la nguo yake, mafundo mawili, kisha akaingia ndani.

Kutia karafuu maiti katika maji ya mwisho ni sunna, na katika miaka thelathini Bi Zena hakuwahi kuisahau. Lakini asubuhi ile, kabla hajaitwa, alikuwa amedhihakiwa kisimani. Jirani yake Bi Jokha, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na ulimi wenye nguvu zaidi, alimwambia mbele ya watu: "Mwenzangu, ule mkate uliotuletea jana tunakushukuru. Tumeuegemeza mlangoni, sasa upepo hautusumbui tena." Watu wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Bi Zena akakosa jibu. Nawe unalijua jibu zuri lilivyo na tabia mbaya, haliji unapolihitaji. Lilimjia yuko kwenye ufuo. Mikono yake ikiwa juu ya Mwanatumu, roho yake ilikwenda kisimani, ikasimama mbele ya Bi Jokha, ikamjibu. Watu wakacheka upande wake. Bi Jokha akafedheheka. Roho ikamwongezea jibu la pili, zuri kuliko la kwanza. Alipozinduka, sanda ilikwisha fungwa, wanaume wamejaa uani, jeneza linainuliwa.

Alirudi kwake, akaketi ili avue nguo za kazi. Kidole chake kikagusa fundo.

Lau angekwenda kwa kadhi, angejibiwa kabla hajakaribishwa mkekani: kuoshwa kwa mtoto kumetimia, karafuu maiti ni sunna wala si sharti, rudi kwako. Lakini Bi Zena hakwenda kwa kadhi. Alijifanya yeye mwenyewe kadhi, na shahidi, na askari wa jela. Tangu siku ile alilala sakafuni, kitanda kakisimamisha ukutani. Alikula viporo bila kuvipasha. Alfajiri alijimwagia maji ya kisima, baridi ya kugonganisha meno, huku akijiambia: "Kizee kipumbavu. Mtoto wa watu umemsahau kwa sababu ya mkate." Akisimama kuswali alijikuta anajitukana baina ya rakaa na rakaa, mpaka hajui ameswali ngapi. Naye, masikini, alidhani hiyo ndiyo toba.

Na akimwona Bi Mwaka anakuja kwa mbali, alikata kona. Alipita nyuma ya mazizi, alipita kwenye matope. Siku moja alikosa kona, akazama ndani ya duka la muuza mitungi, akajifanya mnunuzi, na kwa haya akalazimika kutoka na mtungi kichwani. Kwake tayari alikuwa nayo sita.

Mwishowe akaacha kazi. Alipoitwa msibani alisema mgongo unamuuma. Mara ya pili akasema mgongo. Mara ya tatu hata mgongo hakuusingizia, alifunga mlango tu. Mji ukabaki bila mwosha, na aliyejitolea hakuwa mwingine ila Bi Jokha. Bi Jokha alikuwa na nia njema, Mungu amlipe, lakini aliosha maiti kama anayesugua chungu kilichoungua, na alichokiona asubuhi kilifika sokoni kabla yake. Mke wa mwadhini alizikwa wakati wa dhuha. Ilipotakiwa kuadhiniwa adhuhuri, kila mtu alikwisha kujua kwamba marehemu alikuwa na vidole sita mguuni, na mwadhini alishindwa kupanda mnarani kwa haya. Wanawake wakongwe wa mji ule wakaanza kuogopa kufa. Wengine waliokuwa mahututi, inasemekana, walipona kwa hofu ya Bi Jokha.

Siku zikapita, zikakaribia arubaini. Ndipo Bi Hidaya akaugua ugonjwa wa kuondokea, naye akaagiza Zena aitwe. Bi Zena akaenda, kwa kuwa somo hakataliwi.

"Nakushika miguu, somo yangu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogea." Ajuza akamtazama toka utosini mpaka unyayoni. "Mbona umekonda hivi? Anayekufa ni mimi, au tumebadilishana bila kuniambia?"

Bi Zena akajikusanya ndani ya nguo yake.

"Haya. Mimi naondoka, ikiwa si leo ni kesho kutwa. Utaniosha wewe."

"Siwezi, somo."

"Huwezi nini?"

"Mikono yangu haifai tena kumgusa mtu."

"Basi anioshe nani? Jokha?" Bi Hidaya akajiinua kwa kiwiko, na kwa hali aliyokuwa nayo hakuna aliyedhani anaweza. "Sikiliza wewe. Nina alama chini ya bega hili, nimeificha miaka sabini. Marehemu mume wangu alikufa hajui imetokana na nini. Unataka ikauzwe sokoni pamoja na bamia?"

Bi Zena akacheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka kilio. Alilia kilio cha siku zote zile, akaeleza yote, mkate na kisima na Mwanatumu, akafungua pindo lake, maana kifurushi alitembea nacho kama shahidi wa kumshitaki, akakiweka juu ya mkeka.

Bi Hidaya hakusema kwamba si kitu. Wala hakuruka kwa mshtuko. Alikinusa kifurushi, akakirudisha chini, akauliza:

"Maiti unamwosha kwa maji gani?"

"Ya uvuguvugu, somo. Si wewe uliyenifundisha?"

"Nikikuuliza ninachokijua, jibu. Kiungo kikikaza?"

"Nakikanda. Sikivunji."

"Ukiona aibu ya mtu?"

"Naifunika."

"Hata kama mtu mwenyewe alikutukana uhai wake?"

"Hata kama alinitukana."

"Na huyu Zena binti Shali, yeye unamwosha kwa maji gani?"

Bi Zena akainamia mkeka.

"Nimeuliza, mwanangu."

"Ya kisima," alisema kwa sauti ndogo. "Ya alfajiri."

"Na aibu yake?"

"Namsomea kila siku, somo. Tangu anapoamka."

"Basi bora ungekuwa maiti," alisema Bi Hidaya. "Ungetendewa wema."

Kisha akanyoosha kidole kuelekea jikoni. "Chungu kile kiko mafigani, maji yake yameanza kupoa. Kichukue, na kata ile ya kifuu. Nenda nyuma ya msutu ukajioshe, kama nilivyokufundisha kuwaosha wenzako. Upande wa kulia kwanza. Utakachokiona kifunike. Mimi nitahesabu."

"Somo, wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa mwili. Hesabu bado nazijua. Inuka."

Bi Zena akaingia nyuma ya msutu, lile pazia la kitambaa, akavua nguo, akachota kata ya kwanza akajimwagia upesi upesi, kama alivyozoea.

"Nani anakufukuza?" ikauliza sauti. "Hiyo haikuhesabiwa. Rudia."

Akarudia. Maji yalipita begani, yakashuka mkononi, ya vuguvugu, na Bi Zena akashtuka, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umesahau kwamba maji yanaweza kuja kwa hisani.

"Moja," ilisema sauti.

Akautazama mkono wake. Miaka thelathini mkono ule umeosha wake za watu na mabinti wa watu, naye hakuwahi kuutazama. Ngozi imejikunja, kucha zimepasuka, kidole cha shahada kimepinda kidogo. Ulikuwa mkono uliochoka sana.

"Mbili."

Hapo roho ikamtoroka. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Bi Mwaka, na kata ikabaki hewani.

"Umeondoka," alisema Bi Hidaya.

"Umejuaje, somo?"

"Maji yamenyamaza."

"Kweli nimeondoka. Nisamehe, mimi ni kizee kip..."

"Hebu funga mdomo huo! Nimekwambia ujioshe, sikukwambia ujipige. Roho hutoka, mwanangu. Ya kwako hutoka, yangu hutoka, na ya imamu hutoka akiwa mbele ya safu, ila yeye hatwambii. Ikitoka, iite kama unavyomwita mwanambuzi aliyepita zizi lake. Ukimwendea na fimbo atakimbilia porini. Mwambie, njoo, tuko hapa. Uko wapi sasa?"

"Kwenye mguu."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Basi uwe hapo. Tatu."

Gotini palikuwa na kovu. Alilipata ujanani, siku aliyoteleza akikimbiza maji ya kumwosha mtoto wa siku saba. Alianguka, akainuka, akaenda akamwosha yule mtoto huku damu inamtiririka, na hakumwambia mtu. Alikuwa amelisahau kabisa. Sasa akalifunika kwa kiganja, kama alivyofunika makovu ya wengine, akakiacha kiganja pale. Roho ikatoka tena, akaiita. Ikatoka tena, safari hii imekwenda kisimani kwa Bi Jokha na ule mkate, na Bi Zena akajikuta anatabasamu peke yake nyuma ya msutu, kwa sababu, tuseme kweli, mkate ule ulikuwa mgumu. Akaiita, ikaja. Akasema Bismillahi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliisikia Bismillahi yenyewe, bila makelele ya mtu nyuma yake.

Alipotoka, amevaa, uso umetulia, Bi Hidaya akamwambia, "Mashallah. Sasa nenda kwa Mwaka."

Uso ukabadilika. "Somo, nilidhani umekwisha nisamehe."

"Mimi? Mimi nina haki gani katika karafuu ya Mwaka? Kuoshwa kwa mwanawe ni sahihi, hilo nakwambia mimi na kadhi atakwambia. Lakini ulimwahidi mama mtu. Nimekuosha upate nguvu ya kutembea, sikukuosha ukae. Umejichapa karibu siku arubaini, na katika kuchapwa huko Mwaka amepata nini? Hata salamu hakupata. Nenda, mwanangu. Nami nitajitahidi nisife mpaka urudi."

Bi Zena akaenda. Safari hii hakukata kona.

Alimkuta Bi Mwaka uani, anasuka ukili. Bi Mwaka hakuinua macho.

"Karibu. Leo hununui mtungi?"

Bi Zena akaketi chini, kwenye mchanga, nje ya mkeka. Akaweka kifurushi mbele yake.

"Dada, hii ni amana yako. Sikumtilia Mwanatumu. Nilisahau. Mikono ilikuwa kwake, lakini mimi mwenyewe nilikuwa kisimani, nagombana na Jokha moyoni kwa ajili ya mkate. Kuoshwa kwake kumetimia kwa sheria, usihofu. Lakini ahadi yako niliivunja, kisha nikakukimbia."

Vidole vya Bi Mwaka vikasimama. Akakichukua kifurushi, akakinusa kwa muda mrefu, amefumba macho.

"Hii ilikuwa yangu mimi," alisema. "Niliiweka sandukuni kwa ajili ya siku yangu. Nilijua nitakayetangulia ni mimi."

Akalia. Na ulimi wa Bi Zena ukaanza kwenda kule ulikozoea, kizee kipumbavu, kizee kipumbavu. Akausikia ukianza. Akatambua kwamba hiyo nayo ni kona, na kwamba akiikata atamwacha mwenziwe analia peke yake. Akaiita roho yake polepole: njoo, tuko hapa, tuko uani kwa Mwaka. Ikaja. Akaushika ukili upande wa pili, akakaa.

Baada ya kitambo Bi Mwaka akajifuta uso. "Umesema ulikuwa kisimani. Tangu mwanzo mpaka mwisho? Au kuna mahali ulikuwepo na mwanangu?"

Bi Zena alifikiri, kwa kuwa hakutaka kumpa uongo wa kumfariji.

"Mwanzoni nilikuwepo. Maji ya kwanza, yale ya majani ya mkunazi, nilikuwepo. Nilimfungua nywele. Palikuwa na ua moja la asumini limebaki ndani ya msuko, limenyauka, lakini bado linanukia. Sikulitupa, dada. Nililiweka katika kiganja chake cha kulia, likaenda naye. Na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa jambo la kuchekesha, anangoja wageni waondoke acheke."

Bi Mwaka akafunika mdomo kwa upande wa nguo. "Ua lile nilimtia mimi. Siku ya kwanza ya homa. Alisema, mama, naumwa kichwa, lakini nitie." Akaushika tena ukili. "Zena, siku zote hizi nilikuwa namngoja mtu mmoja tu, yule aliyemshika mwanangu mwisho, aje aniambie haya. Nikamwona anakimbilia dukani, anatoka na mtungi. Karafuu ningekusamehe siku ile ile. Mtungi ndio ulioniuma."

"Nisamehe mtungi, dada."

"Nimekusamehe. Na karafuu yako hii, ichukue. Kuna watakaoihitaji kabla yangu." Akamrudishia kifurushi, na chini ya machozi pakatokea mzaha. "Ila safari hii nitakuja nishike kata mwenyewe. Nikuchunge."

Bi Hidaya alitimiza neno lake. Alingoja mpaka aliposimuliwa yote, akauliza mtungi ule ulikuwa mkubwa kiasi gani, akacheka, na siku ya pili yake wakati wa dhuha akarejea kwa Mola wake akiwa na shahada ulimini.

Bi Zena alimwosha. Bi Mwaka alimchotea maji. Bi Jokha naye aliitwa, kwa ajili ya mikono yake ya kuinulia, akapewa sharti moja tu, kwamba akitoka aende kwake moja kwa moja asipitie sokoni. Akakubali, akamwomba Bi Zena radhi kwa ule mkate, akaongeza kwamba mlango wake mpaka leo haujapata kitu kizuri kama kile. Maji yalionjwa kwa kiwiko. Upande wa kulia ulitangulia. Katikati ya kazi roho ya Bi Zena ilimtoka, kwa kuwa somo ni somo, na Bi Mwaka aliyekwisha fundishwa alinong'ona: "Dada, maji yamenyamaza." Naye akarudi, bila kujikaripia. Alipofika chini ya bega akaiona ile alama ya miaka sabini. Akaifunika kwa kiganja, akakiacha kiganja pale kidogo.

Kisha akafungua mafundo mawili ya pindoni, akaifikicha karafuu maiti yote katika maji ya mwisho. Harufu ilijaa chumba, ikapita msutu, ikatoka uani, na watu waliokuwa nje wakaacha kuzungumza.

Jioni ile Bi Zena alikilaza kitanda chake, akapasha chakula chake, na kabla ya kulala akajiwekea maji motoni.

Wameulizana watu tangu zama zile, alama ile ilikuwa nini, na ilitokana na nini. Katika kisa hiki, ambacho kimekufikia kikamilifu mpaka idadi ya mitungi, hilo peke yake halijulikani. Lilizikwa jichoni mwa Bi Zena. Basi nasi tulio hai, ambao maji bado tunayasikia, tusingoje kitanda cha ufuo ndipo tupate mtu wa kutuonjea maji na kutufunika makovu. Ee Mola, tupe huruma juu ya nafsi ulizotuamini nazo, tupe miguu ya kuwafikia tuliowakosea, na kila roho zetu zinapotoroka, Wewe uziite kwa upole. Amin.